Sosi ya Mtindi na Matango, na Maji Yanayoiharibu

Shangazi yangu wa Mombasa alipotutembelea hapa Nairobi kwa mara ya kwanza, nilipika biriani ya mbuzi na kuweka pembeni bakuli la mtindi uliochanganywa na matango. Nilikuwa nimeitayarisha sosi hiyo tangu asubuhi ili nisihangaike wageni watakapokuwa wameketi. Nilipolifunua bakuli wakati wa kupakua, nilikuta maji ya kijani hafifu yametanda juu, mtindi umekatikakatika chini yake, na matango yamelegea kama mboga iliyochemshwa. Shangazi aliliinamisha bakuli kidogo, akalitazama, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, “Mwanangu, matango haya uliyakamua?” Sikuwa nimeyakamua, wala sikujua kwamba matango hukamuliwa.

Tangu siku hiyo nimeitengeneza sosi hii mara nyingi mno, na nimefikia kuamini kwamba ugumu wake wote umo katika maji. Hakuna kupika ndani yake isipokuwa kukaanga bizari kidogo, na viungo vyake havizidi saba; lakini vile viwili vilivyo vikubwa, yaani tango na maziwa, ni maji kwa sehemu kubwa. Tango lina maji kwa takriban asilimia 95, na maziwa ya ng'ombe kwa takriban asilimia 87. Tango la wastani lenye uzito wa gramu 300 hubeba basi karibu gramu 285 za maji, zaidi ya kikombe kizima, na mara tu linapokatwa na kukutana na chumvi, maji hayo huanza kutoka, kwa sababu chumvi iliyo nje ya chembe za tango huyavuta yaliyo ndani. Ndiyo kazi iliyokuwa ikiendelea kimyakimya ndani ya bakuli langu tangu asubuhi hadi adhuhuri. Maji hayo hayana budi kutolewa mapema, nje ya bakuli, kabla tango na mtindi havijakutana.

Wapishi wa nchi mbalimbali hutofautiana kuhusu kiasi cha maji wanachokubali kibaki. Waturuki wana cacık, ambayo mara nyingi huwa nyepesi kiasi cha kunywewa kama supu. Wagiriki, ambao neno lao tzatziki limetokana na hilo la Kituruki, huuchuja mtindi mpaka uwe mzito wa kushikilia kijiko, na raita ya Wahindi, ambayo wakazi wa Nairobi wameizoea katika mikahawa ya Ngara na Parklands, hukaa katikati ya hizo mbili. Mimi nimeegemea upande wa Wagiriki kwa uzito na upande wa Wahindi kwa viungo, kwa kuwa ninataka sosi inayokaa juu ya mshikaki bila kuteleza, na wakati huohuo iwe na harufu ya bizari ninayoijua tangu utotoni.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuliko yote kulielewa ni la maziwa. Maelezo mengi ya mapishi haya yaliyoandikwa ughaibuni humwambia msomaji atumie yogati isiyo na ladha, kisha yanaendelea mbele, lakini mtu anayeingia katika duka kubwa la Nairobi hukuta rafu imejaa yogati za vanila, stroberi na embe, na ile isiyo na ladha imesukumwa kandoni, kopo mbili au tatu tu, ikiwa ipo. Niliwahi kununua kopo lililoandikwa kwa mbele kwamba halina ladha, nikaichanganya yogati yake na kitunguu saumu na chumvi, na nilipoonja nikagundua kwamba ilikuwa imetiwa sukari. Tangu hapo huwa nasoma kwanza maandishi madogo ya nyuma. Nikiona sukari imetajwa, nalirudisha kopo rafuni. Nikiona wanga au jelatini, nalirudisha vilevile, kwa maana vitu hivyo huwekwa makusudi ili viyashike maji yasitoke, na yogati ya namna hiyo haichujiki ipasavyo hata ikitundikwa usiku kucha.

Jawabu nililipata katika maziwa mala, ambayo hayakosekani hata katika kibanda kidogo cha mtaani, ambayo kwa kawaida hayatiwi sukari, na ambayo bei yake haimtishi mtu. Jina hilo, kama wengi wajuavyo, ni ufupisho wa maziwa lala, maziwa yaliyoachwa yakalala mpaka yakaganda. Tofauti yake na yogati ni ya bakteria na ya joto: bakteria wa yogati hufanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzi 42 hadi 45 za Selsiasi, ilhali wale wa maziwa mala huridhika na joto la kawaida la chumba. Mala huwa mepesi kuliko yogati, na kwa hiyo nilidhani kwa miaka kwamba hayafai kwa sosi hii. Nilikosea. Yakichujwa kwa muda wa kutosha, hutoa mtindi mzito wenye uchachu mpole, na kwa ulimi wangu huo ndio mtindi unaopatana na biriani kuliko yogati yoyote ya dukani.

Kuyachuja hakuhitaji chombo cha pekee. Ninakunja mara mbili kitambaa safi cha melimeli, ninakitandika ndani ya chujio, ninaliweka chujio juu ya sufuria yenye kina, kisha ninamimina nusu lita ya maziwa mala, ninafunika kwa sahani na kuviweka vyote ndani ya friji hadi kesho yake. Asubuhi ninakuta maji ya rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani yamejaa chini, na juu ya kitambaa umebaki mtindi mweupe ambao hauzidi nusu ya kile nilichomimina. Yogati nzuri hutosheka kwa saa mbili au tatu. Kishawishi cha kukikamua kitambaa kwa mikono ili kuharakisha kazi ni kikubwa, hasa wageni wanapokuwa njiani, lakini mtindi wenyewe hupenya katikati ya nyuzi na kupotea pamoja na maji, kwa hiyo ni afadhali kuanza mapema.

Wikendi ninapokuwa na nafasi, hutengeneza yogati yangu mwenyewe, nayo ndiyo bora kuliko zote. Ninapasha moto lita moja ya maziwa mpaka yakaribie kuchemka. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,700, na maji hapa huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, lakini hilo halidhuru chochote, kwa kuwa maziwa ya yogati yanahitaji kufikia nyuzi 85 tu na kukaa hapo kwa dakika chache. Joto hilo lina maana yake: hubadilisha baadhi ya protini za maziwa ili zishikamane na nyingine wakati wa kuganda, na yogati iliyogandishwa hivyo huyashika maji yake vizuri, haiyaachilii ovyo bakulini. Baada ya hapo ninaacha maziwa yapoe mpaka kidole safi kiweze kukaa ndani yake kwa kuhesabu hadi kumi bila kuungua, ninakoroga vijiko viwili vya yogati isiyo na sukari ili viwe mbegu, kisha ninamimina yote ndani ya hotpoti iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Kila nyumba ya Nairobi ina hotpoti ya chapati, na sijaona chombo kinachohifadhi joto la yogati vizuri kuliko hicho. Kwa saa sita hadi nane huwa imeganda. Mwezi wa Julai, baridi inapokaza, ninaivika hotpoti blanketi na kuisubiri kwa muda wa saa kumi au hata kumi na mbili bila kuifunua, kwa maana kila kufunua ni kupoteza joto.

Sasa nirudi kwa tango. Mama anayetuuzia mboga karibu na lango la mtaa wetu amenifundisha kuchagua. Siku moja nilikuwa nimeshika tango nene kweli, nikiwa na furaha ya kulipata kwa bei nzuri, naye akaniambia, “Hilo limekomaa mbegu, dada. Chukua haya madogo.” Alisema kweli, kwa kuwa tango lililokomaa sana lina moyo mlaini uliojaa majimaji na mbegu ngumu, na ukilitumia sharti ulipasue kwa urefu wake na kuukwangua moyo huo kwa kijiko. Jambo jingine ni uchungu. Uchungu wa tango hutokana na kemikali ziitwazo kukurbitasini, ambazo hujikusanya zaidi kwenye ganda na upande wa kikonyo, na kwa sababu hiyo ninakata kipande cha upande huo na kukionja kabla ya kufanya lolote. Kikiwa kichungu, ninamenya ganda lote na kukata zaidi. Uchungu ukiendelea, ninaliacha tango hilo kabisa, kwa sababu hakuna mtindi wala ndimu itakayouficha. Matango yenye ganda laini sihitaji kuyamenya, na ninapenda chembechembe za kijani zinazobaki ndani ya weupe wa mtindi.

Ninalikwangua tango kwa upande wa greta wenye matundu makubwa, kwa kuwa matundu madogo hulifanya liwe uji. Ninanyunyiza nusu kijiko cha chai cha chumvi, ninachanganya, na kuliacha ndani ya chujio kwa dakika 20. Kisha ndipo linapokamuliwa. Shangazi hukamua kwa viganja, konzi moja moja, akiminya mpaka vifundo vya vidole vinageuka vyeupe. Mimi hulifunga lote ndani ya kitambaa na kulisokota. Tango moja la gramu 300 hutoa karibu nusu kikombe cha maji, na kila ninapoyatazama maji hayo ninakumbuka yale yaliyokuwa yakielea juu ya mtindi wangu siku ile. Kinachobaki kitambaani ni konzi moja tu ya tango, lakini bado lina ladha yote na linalia likitafunwa.

Kitunguu saumu ninakitumia kwa uangalifu, punje moja ndogo kwa bakuli zima. Ukali wake hautokei mpaka kipondwe, kwa maana chembe zake zinapopasuka ndipo kimeng'enya kilichomo hukutana na kile kinachogeuzwa kuwa ukali, na ukali huo huzidi kadiri unavyosubiri. Asidi hukizuia kimeng'enya hicho. Basi ninaiponda punje pamoja na chembe za chumvi katika kinu kidogo, na papo hapo ninaikamulia kijiko kimoja kikubwa cha maji ya ndimu. Kitunguu kilichotangulizwa ndimu hivyo hutoa harufu bila kuuchoma ulimi, na hata watoto hukila.

Bizari nyembamba, ambayo wengi huiita bizari ya pilau, ninaikaanga bila mafuta kwa moto mdogo kwa dakika moja hivi, mpaka harufu yake ijae jikoni, kisha ninaiponda isiwe unga kabisa. Nusu kijiko cha chai chatosha. Nanaa ninaipata ikiwa mbichi na ya bei nafuu katika Soko la City Park kule Parklands, na ninaikatakata dakika ya mwisho, kwa kuwa ikikaa muda mrefu ndani ya kitu chenye uchachu hubadilika rangi ikawa nyeusi. Wako wanaotumia dania badala yake, nami sina ugomvi nao, ila naona dania hutawala mahali ambapo nanaa husaidia.

Kuchanganya ni kazi ya dakika moja, na hufanywa kwa kijiko. Nasisitiza kijiko, kwa sababu niliwahi kutumia blenda kwa kufikiri kwamba sosi itakuwa laini zaidi, nayo ikageuka kuwa nyepesi kama maziwa ya kunywa: visu vya blenda hukata ule utando wa protini unaoushikilia mtindi, na maji yote niliyoyahangaikia yakawa huru tena. Kwanza ninakoroga mtindi peke yake mpaka uwe laini, halafu naongeza kitunguu na ndimu yake, tango, bizari, na nanaa. Kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni kikiwepo ni vizuri, kisipokuwepo sosi haipungukiwi. Chumvi ninaionja mwisho kabisa, kwa kuwa tango tayari limebakiwa na yake, na mara nyingi sihitaji kuongeza hata chembe.

Ninaiacha katika friji kwa nusu saa ili ladha zijuane, kisha inaliwa siku hiyohiyo. Hukaa mpaka kesho yake bila kuharibika, lakini stima ikipotea kwa saa nyingi siiamini tena. Ninaila na biriani, na mishkaki, na viazi karai vikiwa bado vya moto. Kwenye pilau siiweki, kwani pilau ina kachumbari yake.

Maji yaliyotoka kwenye maziwa mala siyamwagi. Ninayachanganya na yale ya tango yenye chumvi na kuyakandia unga wa chapati, na siku hiyo sitii chumvi nyingine ndani ya unga. Chapati zake huwa laini na zina uchachu kidogo sana, na zikitoka kwenye kikaango jioni, bakuli la sosi huwa limeshawekwa mezani.