Maji meusi

Ubishi ulianza saa nne usiku, Ijumaa Kuu ya mwaka 2021, kwenye karakana ya kompyuta Kariakoo. Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa nusu. Mezani palikuwa na mashine moja: prosesa ya Core i5-4570, RAM ya GB 8, kadi ya picha ya Radeon RX 570 yenye GB 4, na Kubuntu 20.04, mmoja wa mifumo ya Linux. Fundi mwenye karakana alishikilia kwamba gemu ikishatolewa toleo la Linux, unacheza hilo na mjadala umekwisha. Kijana wa Lubumbashi aliyekuwa anajifunza kazi pale akasema hapana, heri uchukue toleo la Windows ulipitishe kwenye Proton, programu inayotafsiri gemu za Windows ili zichezeke kwenye Linux.

"Mzawa ni mzawa," Fundi akasema. "Mkalimani hata awe hodari vipi, anachelewesha maneno."

"Na mzawa akiwa bubu je, Fundi?"

Mimi nilikabidhiwa daftari.

Fundi alikuwa na ushahidi wake, na si wa kubeza. Agosti 2012, Valve, wenye duka la gemu la Steam, walipokuwa wanahamishia Left 4 Dead 2 kwenye Linux, walitangaza kwamba mwanzoni ilikwenda kwa fremu, yaani picha, 6 tu kwa sekunde, na baada ya marekebisho ikafika 315, wakati kwenye Windows 7, mashine ileile, ilikuwa 270.6. Alikumbuka pia enzi za Loki Software, kampuni ya Scott Draeker iliyoanza 1998 na kufungwa mwanzoni mwa 2002. Walihamisha Civilization: Call to Power na Heroes of Might and Magic III kwa kuandika upya sehemu zilizoongea na Windows, wala hawakufunika gemu nzima kwa blanketi. SDL, maktaba ambayo gemu nyingi za Linux zinaitumia mpaka leo kwa madirisha, kibodi na sauti, iliandikwa na Sam Lantinga aliyefanya kazi hapohapo.

Kijana akajibu na The Witcher 2, iliyotoka kwa Linux Mei 2014. Ile iliitwa toleo la Linux, lakini ndani yake kulikuwa na eON, tabaka linalogeuza amri za Direct3D, lugha ya kuchora ya Windows, kuwa OpenGL inayoeleweka kwenye Linux. Siku za kwanza ilikwenda vibaya mno, masasisho yakaja kuirekebisha. "Sasa yaya," akanigeukia mimi, maana kwao yaya ni mkubwa wako, "huyo ni mzawa au ni mkalimani aliyevaa kanzu ya mwenyeji?"

Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Proton, iliyotangazwa na Valve Agosti 2018, ni Wine, inayoendesha programu za Windows kwenye Linux, pamoja na DXVK, na DXVK hugeuza amri za Direct3D kuwa Vulkan, lugha ya kuchora mpya kuliko OpenGL. Ikiwa toleo la Linux nalo linatafsiri kwa siri, basi ugomvi wa mzawa na mgeni hauna maana, kinachobaki ni tafsiri ipi nzuri zaidi. Tukakubaliana kupima.

Gemu tuliyoichagua ilikuwa ya mikakati, imeandikwa kwa Direct3D 11, na toleo lake la Linux lilitumia OpenGL. Kabla ya kugusa chochote tulinakili folda yake yote kutoka `steamapps/common` kwenda kwenye diski ya nje. Ukibofya kulia, ukaingia kwenye sifa za gemu na kulazimisha Proton, Steam inaondoa mafaili ya Linux na kuvuta ya Windows. Ukirudi, inavuta tena. Gemu ile ilikuwa na GB 14, na mwenye kulipia bando anajua hiyo maana yake nini.

Kisha kuna mchezo uliohifadhiwa, wa kuendelea ulipoishia. Toleo la Linux lilikuwa linahifadhi mchezo chini ya `~/.local/share`, na Proton ikaweka wake ndani ya `steamapps/compatdata`, kwenye folda yenye namba ya gemu, chini ya `pfx`. Watu wengi wakibadilisha tu wanadhani wamepoteza kila kitu, kumbe faili lipo, liko nyumba nyingine. Tukalihamisha kwa mkono ili pande zote zianze kwenye vita ileile.

Vipimo huharibika pale unapolinganisha visivyolingana. Mpangilio wa juu wa toleo la Linux si lazima uwe sawa na wa juu wa Windows. Waliohamisha wakishindwa kubeba aina fulani ya kivuli huiacha kimyakimya, halafu toleo lao linaonekana lina mbio. Kwa hiyo tulipitia kipengele kimoja kimoja, nikaandika: 1920 kwa 1080, V-Sync (inayofunga fremu kwenye kasi ya skrini) imezimwa, vivuli ngazi ya kati, maji ngazi ya juu. Kompozita ya KDE, inayopanga madirisha kwenye skrini, tukaizima kwa Alt, Shift na F12. Prosesa tukaifunga isipande na kushuka, kwa `sudo cpupower frequency-set -g performance`. MangoHud, programu ya kupima fremu, ndiyo iliyohesabu, Shift ya kushoto na F2 kuanza, sekunde 60 kila raundi, na faili la CSV, yaani jedwali la namba, mwishoni. Kwenye OpenGL ilibidi tuandike `mangohud --dlsym %command%` kwenye chaguo za kuanzia, maana bila hiyo maandishi yake hayakutokea kwenye skrini.

Toleo la Linux likatoa wastani wa fremu 61. Proton ikatoa 57. Fundi akaegemea kiti.

Lakini macho yetu wote watatu yalikuwa yameona kitu kingine, na hapo ndipo wastani unapodanganya. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu ipate milisekunde 16.7. Gemu inaweza kutoa fremu 59 za haraka na moja ya milisekunde 90, wastani ukabaki mzuri, lakini kishale kikashtuka kila unapokizungusha. Kwenye CSV ya toleo la Linux, kila kikosi kipya kilipoingia uwanjani muda wa fremu uliruka. Kiini kimoja cha prosesa kilikuwa asilimia 100, vingine vitatu havikufika nusu. Amri zote za kuchora zilipita kwenye uzi mmoja, yaani foleni moja ya kazi, na draiva ya OpenGL ikikutana na mchanganyiko mpya wa sheda, programu ndogo za kuchora zinazokwenda kwenye kadi, inalazimika kuukusanya (kuugeuza lugha ya kadi) palepale, katikati ya fremu, huku kazi nyingine zikisubiri.

Proton nayo haikuwa malaika. Raundi yake ya kwanza ilikuwa mbaya kuliko zote, kila mlipuko wa kwanza uligandisha skrini. Sababu ilikuwa ileile, sheda zinakusanywa mara ya kwanza. Tofauti ni kwamba upande huu ziliwekwa akiba, na raundi ya pili mstari ukanyooka. Ndiyo maana anayepima raundi moja tu hajapima. Tulifanya tatu kila upande na ya kwanza tukaitupa.

Fundi hakukata tamaa. Akaongeza `mesa_glthread=true` mbele ya amri, ambayo inaisukuma kazi ya draiva kwenye uzi wake. Wastani ukapanda hadi 66 na miruko ikapungua, ingawa haikuisha. Nikaandika sare.

Tulipofika misheni ya tatu, yenye mto, maji yalikuwa meusi kama lami. Hayakuwa na mwanga wala mawimbi, ulikuwa ukanda mweusi tu katikati ya ramani. Kwenye Proton, mto uleule ulikuwa wa buluu na ulimeta.

Kijana akanyoosha mkono kuchukua daftari aandike ushindi. Fundi akamzuia. Wa kwanza kushukiwa alikuwa draiva, lakini draiva ileile, Mesa, ndiyo iliyokuwa inachora maji mazuri upande wa pili kupitia Vulkan, na gemu nyingine za OpenGL zilikuwa sawa. Akaandika kwenye chaguo za kuanzia amri ya kurekodi kila faili ambalo gemu inajaribu kulifungua:

`strace -f -e trace=openat -o /tmp/gemu.txt %command%`

Gemu ilikokota kama mkokoteni, maana `strace` huisimamisha kidogo kila inapouomba mfumo jambo. Tukaifikisha mtoni, tukaifunga. Faili lilikuwa na maelfu ya mistari yenye ENOENT, maana yake faili halikupatikana, na hilo lisikutishe, programu yoyote huulizia maktaba sehemu tano kabla ya kuikuta ya sita. Tukachuja kwa `grep ENOENT /tmp/gemu.txt | grep -i water`, ukabaki mstari mmoja:

`openat(AT_FDCWD, "data/textures/Water_N.dds", O_RDONLY) = -1 ENOENT`

Fundi akaandika `find . -iname 'water_n.dds'`. Faili lilikuwepo. Lilikuwa kwenye folda ileile, ila jina lake ni `water_n.dds`, kwa herufi ndogo zote.

Tatizo lote lilikuwa hilo. Windows haijali herufi kubwa na ndogo katika majina ya mafaili, hivyo aliyeandika kodi aliandika W na N kubwa, aliyechora picha akahifadhi w na n ndogo, na miaka yote hakuna aliyegundua. Kwenye ext4, mpangilio wa diski wa Linux, hayo ni majina mawili tofauti. Gemu ikakosa ramani ya mawimbi, na badala ya kulalamika ikachora nyeusi. Proton ilinusurika kwa sababu Wine isipolipata jina kama lilivyoandikwa, hupekua folda nzima ikilinganisha bila kujali ukubwa wa herufi. Mkalimani alijua kosa la kawaida la wasemaji wa lugha ile, akalinyoosha njiani.

Dawa ilikuwa amri moja ndani ya folda ile, ya kuunda kiungo, yaani jina la pili la faili lilelile: `ln -s water_n.dds Water_N.dds`. Tukafungua. Maji yakawa buluu.

Usiku ule ulitoa jambo jingine ambalo wa Dar wasingeliona bila mtu wa Lubumbashi. Kijana alikuwa na laptopu yake yenye mfumo wa Kifaransa, na gemu moja ndogo ya kupanda milima, toleo la Linux, kamera yake haikugeuka kabisa ukisogeza mausi. Kwenye mashine ya karakana, gemu hiyohiyo ilikuwa nzima. Tukafungua faili la mipangilio, ndani yake kasi ya mausi ni 0.75. Kwa Kifaransa desimali huandikwa kwa mkato, 0,75. Programu ikishaita `setlocale`, amri ya kufuata lugha ya mfumo, na mara nyingi anayeiita ni maktaba ya kuchora madirisha bila mtengeneza gemu kujua, basi `strtod`, inayogeuza maandishi kuwa namba, inasoma sifuri, inakutana na nukta isiyoitambua, inaishia hapo. Kasi ya mausi inakuwa 0. Tukaweka `LC_ALL=C %command%` na kamera ikageuka. Ukitumia Kiingereza hutaliona kosa hili maisha yako yote, na nadhani ndivyo lilivyompita aliyehamisha.

Kwa haki, upande wa Proton nao uliandikwa yake. Filamu ya utangulizi ya gemu ya mikakati haikucheza, zilitokea pau za rangi kama za televisheni kabla ya matangazo kuanza, kwa sababu kodeki za video za Windows hazikuwemo. Na gemu za mtandaoni zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu, kama Easy Anti-Cheat, Aprili ile hazikuwa zinapita Proton. Habari kwamba watengenezaji wataweza kuruhusu ilikuja Septemba mwaka uleule. Kijana alikubali hilo bila kubisha.

Kufika saa nane usiku daftari halikuwa na mshindi. Fundi alisoma kurasa zote, akasema swali letu lilikuwa limekosewa: maji meusi yasingeonwa na wastani wowote wa fremu, na yanatibika kwa kubadili herufi mbili, ikiwa tu kuna mtu bado ameshika kodi. Kijana akakumbusha Rocket League, iliyotolewa sasisho la mwisho la Linux Machi 2020. Wachezaji wa Linux waliotaka kuendelea na mechi za mtandaoni walihamia toleo la Windows kupitia Proton. Toleo la Linux lilishatoka. Halikuwa tena na mtu.

Tuliandika ripoti mbili usiku uleule. Ya maji iliwekwa aina ya kadi, Mesa 20.2, jina la misheni, ule mstari mmoja wa `strace`, jina halisi la faili lilivyo kwenye diski, na sentensi inayosema kiungo kimeponya. Hatukuandika "gemu yenu mbovu". Ya kamera tuliandika tu: weka mfumo kwenye `fr_FR.UTF-8`, sogeza mausi.

Siku ya tisa waliohamisha gemu ya mikakati walijibu kwa mistari miwili, na sasisho lililofuata likaja. Fundi alifungua folda, akaandika `rm Water_N.dds`, akaingia misheni ya tatu bila kiungo. Aliisogeza kamera mpaka ukingoni mwa mto, akakaa akiangalia maji yakipita chini ya daraja.

Ya kamera haikujibiwa. Kijana bado anaianza ile gemu kwa `LC_ALL=C`.