Tanga langu la Kibirizi

Mjomba anaamini mashine tu. Kwake tanga ni mambo ya wazee wa Ujiji. Mimi nimelishona la turubai, mlingoti ni mkaratusi, foromali, ule mti unaobeba tanga, ya mwanzi.

Kushona si kazi. Kazi ni kurekebisha. Mlingoti ukirudi nyuma kidogo, mtumbwi unataka kugeukia upepo wenyewe. Ukienda mbele, unaukimbia. Nataka katikati, kafi la usukani livute kidogo tu mkononi.

Mashua za barafuni za Marekani ndizo zimenitia wazimu, hasa zile za DN, zilizozaliwa karakana ya gazeti la Detroit News miaka ya 1930. Zinasimama juu ya vyuma vitatu, na visipokuwa sambamba sawasawa mwendo unakufa. Barafu haizuii, basi zinaupita upepo wenyewe mara kadhaa! Kwa kasi hiyo upepo unazijia kwa mbele, kwa hiyo demani, kamba ya kuvutia tanga, hukazwa karibu muda wote. Ziwa Tanganyika halina huruma hiyo: nikikaza hivyo upepo ukiwa nyuma, mtumbwi unalala ubavu.

Sasa natafuta ubao wa mninga niutundike ubavuni, tusiende upande kama kaa. Mjomba kauliza, “Mpwa wangu, na upepo ukikatika?” Nimemwonyesha makafi.