Access: kumtambua mtumiaji aliyeondoka na kuiacha hifadhidata wazi

Karani wa SACCOS amefungua fomu ya marejesho kwenye hifadhidata ya Microsoft Access, ameandika tarakimu mbili za kiasi, simu ikalia, akatoka nje kuongea. Pembeni mwa rekodi ile alama ya penseli bado ipo, maana yake kuna mabadiliko yasiyohifadhiwa. Kama fomu imewekewa kufuli la rekodi inayohaririwa, mwenzake wa dirisha la pili akiifungua rekodi hiyo hiyo ataona alama ya duara lenye mstari na hataweza kuandika chochote. Kama fomu haina kufuli, hali ni mbaya kwa namna nyingine: mwenzake ataandika na kuhifadhi, na karani wa kwanza akirudi atakutana na kisanduku cha mgongano wa uandishi kinachomuuliza afute kazi ya nani. Usiku, faili la .laccdb, ambalo Access huliweka hifadhidata ikiwa wazi, bado liko kwenye folda ya seva, kwa hiyo kubana na kukarabati (Compact and Repair) faili la data, yaani lile la majedwali linalotumiwa na wote, hakuwezekani, maana kazi hiyo inadai faili lisiwe limefunguliwa na mtu mwingine yeyote.

Suluhisho ni programu kujifunga yenyewe mtumiaji anapokaa muda mrefu bila kufanya kazi. Access haina mpangilio wa kuwasha jambo hili. Unaliandika mwenyewe kwa VBA, lugha ya msimbo iliyo ndani ya Access, na hapo ndipo wengi wananakili mfano wa zamani uliotolewa na Microsoft: fomu iliyofichwa, taima ya milisekunde 1000, inayolinganisha jina la fomu na jina la kisanduku vyenye fokasi (pale kishale kilipo) sasa na vilivyokuwa na fokasi sekunde moja iliyopita. Vikibaki vilevile kwa dakika 5, mtumiaji anahesabiwa ameondoka.

Mfano huo ni mwepesi kuuelewa, ila usiutumie kwenye ofisi inayoandika sana. Mtu anayeandika maelezo marefu ndani ya kisanduku kimoja hajabadili fomu wala kisanduku, kwa hiyo anahesabiwa hayupo huku vidole viko kwenye kibodi. Vivyo hivyo anayeshuka rekodi baada ya rekodi kwenye safu moja ya fomu endelevu (inayoonyesha rekodi nyingi kwa pamoja), akihakiki namba za wanachama: jina la kisanduku ni lilelile kutoka rekodi ya kwanza hadi ya mia tatu. Halafu kuna makosa 2474 na 2475, yanayotokea Screen.ActiveControl au Screen.ActiveForm isipokuwa na kitu cha kurudisha, mfano mtumiaji anapoangalia ripoti. Usipoyashughulikia, taima yako itakuwa inamrushia visanduku vya makosa.

Waulize Windows wenyewe. Tangu Windows 2000 kuna kazi (function) ya GetLastInputInfo ndani ya user32, maktaba ya Windows, inayorudisha wakati kibodi au kipanya kilipoguswa mara ya mwisho. Wakati huo umehesabiwa kwa milisekunde tangu kompyuta iwashwe, kipimo kilekile cha GetTickCount. Unatoa kimoja kwa kingine, unapata ukimya. Weka hii kwenye moduli ya kawaida:

```
Private Type LASTINPUTINFO
    cbSize As Long
    dwTime As Long
End Type

Private Declare PtrSafe Function GetLastInputInfo Lib "user32" (plii As LASTINPUTINFO) As Long
Private Declare PtrSafe Function GetTickCount Lib "kernel32" () As Long
Private Declare PtrSafe Function GetForegroundWindow Lib "user32" () As LongPtr
Private Declare PtrSafe Function GetWindowThreadProcessId Lib "user32" (ByVal hWnd As LongPtr, pid As Long) As Long
Private Declare PtrSafe Function GetCurrentProcessId Lib "kernel32" () As Long

Public Function SekundeZaUkimya() As Double
    Dim lii As LASTINPUTINFO, tofauti As Double
    lii.cbSize = Len(lii)
    If GetLastInputInfo(lii) = 0 Then Exit Function
    tofauti = CDbl(GetTickCount()) - CDbl(lii.dwTime)
    If tofauti < 0 Then tofauti = tofauti + 4294967296#
    If tofauti > 2147483648# Then tofauti = 0
    SekundeZaUkimya = tofauti / 1000
End Function

Public Function AccessIkoMbele() As Boolean
    Dim pid As Long
    GetWindowThreadProcessId GetForegroundWindow(), pid
    AccessIkoMbele = (pid = GetCurrentProcessId())
End Function
```

PtrSafe inafanya kazi kuanzia Office 2010, na kwenye Office ya biti 64 ni lazima. Ukisahau mstari wa cbSize, GetLastInputInfo inarudisha sifuri na hupati kitu.

Mistari mitatu ya hesabu ina sababu, na ndiyo inayoachwa kwenye nakala nyingi zinazozunguka. Windows huhesabu kwa namba ya biti 32 isiyo na alama ya hasi, na inarudi sifuri baada ya siku 49.7. Long ya VBA ina alama, kwa hiyo kompyuta ikifikisha siku 24, saa 20 na dakika 31 bila kuzimwa, namba inaruka kutoka chanya kubwa kabisa hadi hasi kubwa kabisa. Ukitoa Long kwa Long wakati huo unapata kosa namba 6, kufurika. Ndiyo maana ya CDbl kabla ya kutoa. Usidhani siku 24 ni nyingi: kwenye Windows 10 na 11 yenye uwashaji wa haraka, kuzima kwa kawaida jioni hakuanzishi hesabu upya. Kuwasha upya ndiko kunakoianzisha.

Mstari wa tatu ni wa kisa kingine. Microsoft wenyewe wanaonya kwamba dwTime, wakati wa mguso wa mwisho, haihakikishwi kupanda tu. Inaweza kuwa mbele kidogo ya GetTickCount, hasa pale programu nyingine inapobonyeza vitufe kwa niaba ya mtu, kama zinavyofanya programu za msaada wa mbali. Tofauti inakuwa, tuseme, hasi 15. Ukiongeza 4294967296 bila kuangalia, mtu aliyebonyeza kitufe sasa hivi anaonekana hajagusa kompyuta kwa siku 49, na programu inamfungia usoni. Kosa la namna hii linatokea mara moja kwa wiki kadhaa, kwenye kompyuta moja tu, na hutalipata kamwe ukilitafuta kwenye meza yako.

Sasa, GetLastInputInfo inajibu swali la kama mtu yuko kwenye kompyuta. Wewe unataka kujua kama yuko kwenye hifadhidata. Anayeperuzi habari kwa saa mbili huku Access ikiwa nyuma hatahesabiwa kimya hata siku moja. Kazi ya pili hapo juu, AccessIkoMbele, inaangalia kama dirisha lililo mbele ni la mchakato wetu. Ziunganishe ndani ya fomu iliyofichwa, TimerInterval 5000:

```
Public mKimya As Long

Private Sub Form_Timer()
    On Error Resume Next
    If AccessIkoMbele() And SekundeZaUkimya() < 6 Then
        mKimya = 0
    Else
        mKimya = mKimya + 5
    End If
    If mKimya >= 900 Then DoCmd.OpenForm "frmOnyo"
End Sub
```

Fomu hii ifunguliwe na makro ya AutoExec, inayojiendesha hifadhidata inapofunguliwa, hali ya Hidden. Nimeweka kikomo cha sekunde 6 badala ya 5 kwa kuwa taima haipigi kwa usahihi wa milisekunde, na mguso wa mpakani usipotee.

Kwa nini kaunta, na si kuhifadhi Now na kutumia DateDiff? Kwanza, saa ya kompyuta haiaminiki. Kompyuta ambayo betri ya saa kwenye ubao mama imekufa huwaka na tarehe ya miaka iliyopita, kisha mtandao unaisahihisha katikati ya kazi, na DateDiff inakuambia mtumiaji amekaa kimya miaka kadhaa. Usitumie pia kazi ya Timer ya VBA, inarudi sifuri usiku wa manane. Pili, Access ikiwa inaendesha hoja nzito ya dakika nne, tukio la taima halipigi, kwa hiyo kaunta haiendi. Hiyo ni sawa kabisa, maana mtu anayesubiri ripoti ya mwisho wa mwezi anafanya kazi. Tatu, laptopu ikilala, kaunta inalala nayo.

Hilo la tatu lina upande wake mbaya. Laptopu ikiamka baada ya saa nzima, muunganisho na faili la data kwenye seva mara nyingi umeshakatika, na tukio la kwanza la kusoma jedwali litaleta kosa 3043 la diski au mtandao. Access hairejeshi muunganisho huo vizuri bila kufungwa na kufunguliwa tena. Ukiona 3043, usijaribu kuokoa chochote, funga programu.

Kwenye seva ya RDP, ambayo watu huitumia kwa mbali kila mmoja kwenye kikao chake, GetLastInputInfo inahesabu kikao chake tu, si seva nzima, kwa hiyo watumiaji hawachanganyiki. Mtu akifunga dirisha la RDP kwa alama ya X bila kutoka rasmi, Access yake inaendelea kuishi kwenye seva na taima inaendelea kupiga. Hapo ndipo ujifungaji huu unapolipa gharama yake yote.

Onyo lisiwe MsgBox, kisanduku cha ujumbe cha VBA. MsgBox inasubiri mtu abonyeze, na kama hayupo itasubiri hadi asubuhi huku msimbo wako umesimama kwenye mstari huo. Tengeneza frmOnyo yenye taima yake ya sekunde moja, inayoonyesha sekunde 120 zikishuka, na kitufe kimoja: Bado nipo. Kitufe kirudishe mKimya kwenye sifuri na kufunga fomu. Nilitaja 120 badala ya 60 kwa sababu mtu aliye kwenye Excel hataona onyo mbele yake. Windows hairuhusu programu ya nyuma kujirusha mbele. Anahitaji muda wa kurudi mwenyewe.

Sasa sehemu ngumu: rekodi iliyoandikwa nusu. Amri ya kufunga Access, Application.Quit acQuitSaveNone, haiihusu kabisa. Ile acQuitSaveNone inazungumzia muundo wa fomu na ripoti, si data. Access ikiambiwa ifunge itajaribu kwanza kuhifadhi rekodi yenye penseli. Sehemu ya lazima ikiwa tupu, inatokea kosa 2169, kisanduku kinachouliza kama ufunge hivyohivyo, na hakuna mtu wa kukijibu. Kwa hiyo amua mapema: kuhifadhi au kufuta.

Kwa fedha, futa. Kiasi chenye tarakimu mbili kati ya sita kinapita ukaguzi wote wa uhalali na kuingia kwenye vitabu kama malipo halali. Pita kwenye mkusanyiko wa Forms kuanzia wa mwisho kurudi 0, na kila fomu yenye Dirty (yaani yenye penseli) iite Undo, inayofuta mabadiliko yasiyohifadhiwa. Angalizo: Forms haina fomu ndogo, yaani fomu iliyo ndani ya fomu nyingine. Fokasi ikiwa imebaki kwenye mistari ya risiti, fomu kuu inaonekana safi ilhali fomu ndogo ndiyo yenye penseli. Pitia vidhibiti vya kila fomu, kila chenye ControlType ya acSubform uangalie Form.Dirty yake, umalize hizo kabla ya kugusa fomu kuu.

Bado kuna kinachobaki. Mtumiaji alipohama kutoka kichwa cha risiti kwenda kwenye mistari, Access ilikihifadhi kichwa papo hapo. Ukifuta mstari, unabaki na risiti yenye namba na tarehe lakini haina hata mstari mmoja. Undo haiifikii tena. Tafuta vichwa visivyo na mistari programu inapowashwa, na uvionyeshe kwa aliyeviunda. Usivifute kimyakimya, kwani namba ya risiti iliyoruka itamsumbua mkaguzi.

Kwa maelezo marefu, mfano taarifa ya mteja au ya mgonjwa, kufuta kunaumiza. Hapo nakili maandishi kwenye jedwali la rasimu lililo ndani ya faili la fomu la kompyuta hiyo, halafu uite Undo. Akirudi, fomu inamuuliza kama anataka kuendelea na rasimu.

Muda wa sekunde 900 usiuandike ndani ya msimbo. Uweke kwenye jedwali la mipangilio kwenye faili la data, pamoja na sehemu ya Ndiyo/Hapana ya kufunga sasa hivi, na taima isome zote mbili kila dakika. Ukitaka watu watoke ili ubane faili, unaweka tiki moja, na onyo linawatokea wote. Ila anayefungua kwa kushikilia Shift anaruka AutoExec, na fomu yako haipo kwake. Zima njia hiyo kwa AllowBypassKey kwenye nakala za watumiaji.

Wakati wewe unaandika msimbo, weka TimerInterval sifuri. Taima inayopiga huku kihariri cha VBA kiko wazi hula nafasi unazoandika mwishoni mwa mstari na kurusha kishale, na utadhani kibodi imeharibika.

Kila ufungaji uandikwe kwenye jedwali: Environ("COMPUTERNAME"), Environ("USERNAME"), jina la fomu iliyokuwa wazi, saa, na kama kulikuwa na mabadiliko yaliyofutwa. Fomu moja ikijirudia sana kwenye orodha hiyo, ujue kazi yake inahitaji kusoma makaratasi kwa muda mrefu, iongezee dakika. Uandishi huo nao uwe chini ya On Error Resume Next, kwa sababu mtandao ukiwa umekatika hautafika kwenye seva, na kosa lake lisizuie mstari unaofuata, ambao ni Application.Quit.