Sindano ya ugonjwa wenyewe

Juzi nimempigia mjomba Newala, nikamwambia nimetoka kuchomwa sindano ya chavua, ule unga wa maua. Akawageukia waliokaa barazani: "Njomba kenda Ujerumani, sasa maua yanamuumiza!" Wakaangua kicheko, na sauti ya mama nikaisikia humo humo.

Sawa. Lakini salfa, ile dawa ya unga, ikipulizwa kwenye mikorosho, nani hapo hakohoi? Ila salfa haichagui, inamkera kila mwenye pua. Chavua inachagua, na hapa Hamburg imenichagua mimi. Miaka miwili ya kwanza sikupiga chafya hata moja, nikawa nawacheka wenyeji. Wa tatu, mwezi wa nne, mti wao uitwao Birke ulipoanza kumwaga unga, macho yakavimba, pua ikawa bomba, usiku kifua kinapiga filimbi. Pumu, na utu uzima huu! Hata tufaha likawa linaniwasha mdomo.

Vidonge na dawa ya kuvuta vilituliza tu. Ndipo nikaanza sindano. Wanakudunga chavua ile ile, kidogo mno, kila wiki wanaongeza, kisha mara moja kwa mwezi, kwa miaka mitatu, hadi mwili uizoee. Mjomba anadhani ni mambo ya juzi, kumbe London walishazijaribu mwaka 1911. Bima inalipa, mimi natoa euro 10 kwa boksi. Wa Tandahimba mnajua hizo ni kilo ngapi za korosho ghafi.

Kero ni kukalishwa nusu saa kila ukishachomwa. Siku moja nikatoroka niwahi zamu. Nesi, mama mtu mzima, akanifuata mpaka ngazini, akanirudisha kwa mkono kama mtoto wa madrasa, kisha akampigia msimamizi wangu yeye mwenyewe. Sikutegemea. Haikupita muda, mwili mzima ukaanza kuwasha, koo linabana. Wakanidunga adrenalini. Ningekuwa kwenye treni saa hiyo.

Mnaojiandaa kuja, mwenye pumu aseme mapema, kifua kisipotulia hawakudungi. Na msingoje chavua ijae hewani. Mimi nilianza mwezi wa kumi.

Mwaka huu nimelala dirisha wazi Aprili nzima.

Jana mama kanipigia, kwa sauti ya chini, mjomba asisikie. Eti, hiyo sindano, ya salfa hawana?

"Hawana, mama. Jifunge kitambaa."