Bahasha ya Nebenkosten imefika

Kila mwisho wa mwaka simu zinaanza: "Kaka, nimeletewa bili ya euro mia nne na kitu, nami kodi nalipa kila mwezi. Hawa watu wananitakia nini?"

Nyumbani mwenye nyumba anataja kodi, ukimlipa basi, umeme ni LUKU yako. Hapa Ujerumani kuna kodi yenyewe, Kaltmiete, halafu kuna Nebenkosten, malipo ya kila mwezi ya gharama za jengo zima: takataka, majitaka, bima, taa za ngazini, lifti, Hausmeister yaani mtunza jengo. Mara moja kwa mwaka hesabu inapigwa. Ukiwa umelipa pungufu unaongeza, ukiwa umezidisha unarudishiwa. Hutokea, msicheke.

Mimi nikipigiwa, kabla ya kiasi nauliza tarehe. Kifungu cha 556 cha BGB, sheria ya kiraia ya Ujerumani, kinampa mwenye nyumba miezi 12 tangu kipindi cha hesabu kiishe. Hesabu ya 2023 ilitakiwa ikufikie kabla 2024 haijaisha. Ikija Januari kwa uzembe wake, nyongeza hakudai tena, ila kama kuna chako cha kurudishiwa, unakidai vilevile. Ndiyo maana bahasha nyingi zinatumbukizwa sandukuni Desemba, mbiombio.

Tarehe ikiwa sawa, shuka na mistari. Mafungu yanayoruhusiwa ni 17, yako kwenye Betriebskostenverordnung, kanuni ya gharama za uendeshaji wa jengo. Matengenezo na gharama za usimamizi ni za mwenye nyumba. Lakini hupenyezwa, na njia wanayoipenda ni Hausmeister. Nilimsindikiza jirani yangu, Mkongo wa Bukavu, kwenda kwa wasimamizi kutazama ankara. Kuziona ni haki ya mpangaji. Yule dada akatutolea faili kwa shingo upande. Kufagia ngazi, sawa. Kuondoa theluji, sawa. Chini yake: kubadilisha kitasa cha mlango wa chini, saa mbili za fundi pamoja na kitasa chenyewe. Hayo ni matengenezo! Wakayaondoa, na wapangaji wengine wakapunguziwa bila kujua nani wa kumshukuru.

Si kila kinachouma ni kosa, lakini. Kuna mama wa Tanga anaishi ghorofa ya chini kabisa na analipia lifti asiyoipanda. Analalamika mpaka kwenye harusi za watu. Mahakama ya juu, BGH, ilishaamua mwaka 2006 kwamba mkataba unaweza kumtoza hata wa chini. Pole yake.

Kupinga, nawe una miezi 12 tangu upokee hesabu. Pinga kwa maandishi, taja mstari unaoukataa, na kama Kijerumani cha barua kinakutoa jasho, jiunge na Mieterverein, chama cha wapangaji, ya mji wako. Ada ni ya mwaka na wanasheria wao wanakuandikia. Kwenye hesabu mpya anzeni na televisheni ya kebo: tangu 1 Julai 2024 ada hiyo hairuhusiwi tena kuingizwa humo.