Steringi kafa hatujaona

Niseme mapema kabisa, mi nipo upande wa waliokaa mpaka mwisho. Muvi ya No Country for Old Men naipenda kupitiliza, ile ya ndugu wawili Joel na Ethan Coen, ya 2007, imetoka kwenye kitabu cha Cormac McCarthy na ikabeba Oscar nne Februari 2008 ikiwemo ya picha bora. Yaani wakosoaji walishamaliza kazi yao kitambo. Ila nimechoka na tabia yetu sisi tunaoipenda, mtu akisema imemboa tunamuangalia kama vile shule alienda kula uji, tunamwambia nenda kaangalie za ngumi. Hapana bana. Waliosusa wana hoja, na mi naona hoja yao ina uzito kuliko sifa nyingi ninazozisoma, na nimezisikia kwa masikio yangu maana tuliionyesha kwenye banda la video.

Kama hujaiona ishia hapa, nitamwaga mchele wote.

Banda lenyewe la mshkaji wangu, Tandika, mnayajua mabanda yetu, mabenchi, feni zinazozunguka kwa huruma, ratiba ya mechi imeandikwa kwa chaki nje. Siku ya mpira hupati pa kuweka mguu. Siku isiyo na mpira anaweka muvi, nyingi zilizotafsiriwa, na nilimsumbua sana mpaka akakubali tuweke hii ambayo haina DJ wa kutafsiri, kwa masharti kwamba nitakaa mbele nitafsiri mwenyewe. Nikakaa na chupa yangu ya maji kama mhubiri, na kiukweli mwanzoni kazi sikuiona. Watu hawaongei! Jamaa anawinda swala jangwani, anakuta magari yamesimama, maiti, mbwa kafa, anatembea, anaangalia, anatembea tena. Muziki hamna, ni upepo na buti kwenye changarawe. Nyuma kule kijana mmoja akasema kwa sauti, "kaka sauti imekata?" Mwenye banda akanyanyuka kabisa kwenda kushika waya.

Sasa hapo ndo pa kuelewana. Sisi tuliokulia enzi za Lufufu, yule DJ wa kutafsiri muvi, muvi haijawahi kukaa kimya. DJ anajaza kila upenyo, mtu anafungua mlango anakwambia anafungua mlango, anamchomekea na majina ya mitaa ya Manzese, anakucheka wewe uliyelipa. Ukimya kwetu maana yake ni hitilafu. Na kuna jingine zito zaidi, Bongo muvi. Jamani tusidanganyane, hakuna watu Afrika hii waliovumilia muvi za taratibu kama sisi. Honi inapigwa nje, mlinzi anafungua geti, gari linaingia, linageuzwa, mtu anashuka, anafunga mlango, anarudi kuchukua simu, anagonga, anakaribishwa, "unatumia kinywaji gani?", juisi inaletwa, inamiminwa, na hapo bado hajasema kilichomleta. Tulijua kwa nini ilikuwa hivyo, stori ya saa moja ilitakiwa ijaze Part One na Part Two ziuzwe sidii mbili. Kwa hiyo mtazamaji wa Dar akiona mtu anatembea muda mrefu bila kusema neno, hasemi huyu dairekta anajenga hofu, anasema huyu anatuibia muda. Hajakosea, ndivyo alivyofundishwa na yaliyomkuta.

Ila kilichonishangaza ni kwamba pole pole yenyewe haikumfukuza mtu! Hilo nalisema kwa nguvu kwa sababu kila anayeichukia hii muvi utasikia "iko slow" na mi nimeona kwa macho yangu siyo. Kuna pale hotelini, Moss (Josh Brolin), yule yule mwindaji, kakaa kitandani na begi la dola milioni mbili alilolichukua kule jangwani, ameshajua kwamba ndani ya noti kuna kile kidude kinachotoa ishara ndo maana anafuatwa. Anapiga simu mapokezi, simu inaita huko chini, unaisikia inaita, haipokelewi. Anazima taa. Chini ya mlango kuna mwanga wa korido, vinatokea vivuli viwili vya miguu, vinasimama, vinaondoka. Anajua atarudi. Halafu taa ya korido inazimwa. Basi. Hamna kingine, mlango tu na mwanga chini yake, na banda zima lile la watu wanaobishana hata tangazo la bia likipita lilikuwa kimya mpaka unasikia feni. Muuza kashata alisimama mlangoni hakuuza. Mtu asinambie watu wa uswahilini hawana subira.

Na pale kituo cha mafuta pia, Chigurh, muuaji anayemsaka Moss (Javier Bardem, na ile nywele), anamwambia mzee muuzaji achague upande wa shilingi, mzee haelewi anacheza kamari ya nini, sisi tunaelewa. Sarafu ya 1958, imesafiri miaka 22 kufika hapo. Anakunja kikaratasi cha alichokuwa anatafuna anakiweka kaunta, na kamera inakaa kukiangalia kikijikunjua taratibuuu. Kikaratasi! Watu wameshika vichwa kwa ajili ya kikaratasi. (Jamaa mmoja anayefanya kazi machinjio ya Vingunguti yeye alikuwa na shida nyingine kabisa, ile silaha ya Chigurh yenye mtungi wa hewa ni ya kuangushia ng'ombe, na alitumia dakika kama kumi kuwaeleza jirani zake kwamba pale kwao ni kisu na mkono wa mtu.)

Ugomvi ulianza Moss alipokufa.

Kwa wasioijua, tumemfuata huyu jamaa tangu mwanzo, fundi wa kuchomelea, kapigana Vietnam, mjanja, ana mke anampenda, na kosa lake kubwa siyo hata kuchukua hela, ni kwamba usiku roho ilimsuta akarudi jangwani kumpelekea maji mtu aliyemuacha anakufa. Wema ndo umemponza. Bandani alishapewa cheo, ndo steringi, shujaa wa muvi, na steringi hafi, hiyo siyo imani ni katiba. Muvi inatuandaa kwa saa nzima na zaidi kwamba yeye na Chigurh watakutana uso kwa uso, tunangoja. Mara ya mwisho tunamuona anapiga stori na dada mmoja kando ya bwawa la motelini, anakaribishwa bia. Picha inayofuata ni sherifu, mkuu wa polisi wa eneo lile, anaendesha gari, anasikia milio ya risasi, anafika, kuna gari linatoka mbio, Moss yupo chini sakafuni. Kafa. Hatujaona. Na hata aliyemuua siyo Chigurh, ni wale Wameksiko waliokuwa wanaisaka hela ile ile, ambao hatujawajali muda wote.

Ni sawasawa na dabi umeme ukate, uwake, ukute moja bila na watu wanashangilia mtaa wa pili.

Makelele yaliyotokea sijawahi kuyasikia hata kwenye penalti. "Rudisha nyuma!" Mwenye banda akarudisha, watu wakitaka kuhakikisha haijarukwa, maana muvi za kwenye flash zina tabia ya kukatika. Haijakatika. Ndivyo ilivyo. Vijana wa mbele walitoka hapo hapo, wawili watatu wakadai hela yao, na mmoja alisema kitu ambacho bado nakitafuna, alisema, "wametufanya tumpende halafu wanatuambia hakuwa na umuhimu." Wakosoaji wameandika makala ndefu kuisifia hiyo hiyo kitu. Yule dogo ameielewa vizuri tu, ila yeye imemuuma.

Mi hoja yangu, niliyoitoa nimesimama juu ya benchi, ni kwamba tulimpa cheo mtu siye. Sikiliza muvi inaanza na sauti ya nani, ni Ed Tom Bell, yule sherifu mzee, Tommy Lee Jones, anaeleza polisi wa zamani wengine walikuwa hawabebi hata bunduki. Inaishia na nani? Yeye yeye, mezani asubuhi anamsimulia mkewe ndoto. Jina la muvi lenyewe linazungumzia wazee. Moss na Chigurh ni kesi iliyopita mikononi mwake akashindwa kuikamata, na anachelewa kila mahali, kila anapofika watu wameshakufa, sisi tumekaa na yeye kwenye kuchelewa huko. Kwa hiyo kifo cha Moss tunakiona kama yeye alivyokiona, kimeshaisha.

Nilidhani nimemaliza kesi. Kuna mzee mmoja huwa anakaa karibu na mlango, tunamheshimu sana, nikajua huyu atakuwa upande wangu, muvi ya wazee si ndo yake. Akasema, "Mwanangu, steringi gani hapigi hata risasi moja?" Nikataka kujibu. "Subiri. Kaingia nyumba ya Moss, chupa ya maziwa bado ina jasho la baridi, maana yake jambazi ametoka sasa hivi. Yeye anakaa kwenye kochi anakunywa yale maziwa!" Banda likaanguka. Nikajaribu kusema kwamba anajiona kwenye kioo cha tivii pale pale alipojiona Chigurh, hakuna aliyenisikiliza, na kusema kweli mzee kamshtaki Bell kwa kosa ambalo Bell mwenyewe anajishtaki nalo muvi nzima.

Waliobaki ndo waliofaidi. Mwishoni Chigurh anamkuta mke wa Moss nyumbani, anampa sarafu achague, dada anakataa, anamwambia sarafu haina maamuzi, ni wewe. Picha inahamia nje, jamaa anatoka mlangoni, anasimama kibarazani, ananyanyua kiatu kimoja anaangalia soli, halafu kingine, anaondoka. Ubishi ukazuka, kamuua hajamuua. Mama ntilie wa pale nje, ambaye alikuwa anaangalia kwa kuchungulia tu huku anageuza chapati, akasema "si anakagua damu huyo, kule hotelini si alipandisha miguu kitandani damu ilipokuwa inamfuata?" Watu wakageuka wakamuangalia. Mimi nimeiona muvi hii mara nyingi tu na sidhani kama niliwahi kuziunganisha hizo mbili haraka namna ile.

Na ndo napata hasira na wanaouza hizi muvi. Ukienda library ya muvi kuwekewa muvi kwenye flash, au hata kwenye bango la ukumbini Mlimani City, muvi ya namna hii itawekewa bunduki na begi na mtu anakimbia. Si Bongo tu. Marekani wana kampuni inaitwa CinemaScore, kazi yake kuwapa watazamaji kadi usiku wa kwanza watoe alama kama za shule. Killing Them Softly ya 2012, ya majambazi, Brad Pitt yumo, ilikuwa kwenye mashindano Cannes, watazamaji wakaipa F. The American ya George Clooney, 2010, D yenye kutoa. Na Drive, ambayo dairekta wake alichukua tuzo Cannes 2011, kuna mama Michigan alienda mahakamani kabisa akidai trela ilimuahidi mbio za magari akakuta magari kidogo na kukodoleana macho kwingi. Watu walimcheka. Mi simcheki, kama ulimuahidi biriani usimletee wali mtupu halafu umwambie hana ulimi.

Mshkaji wangu kasema hasira imemtoka na atanipa siku nyingine, sababu waliotoka wanamsumbua wanataka kujua iliishaje, na wengine wanarudi kubishana bila kulipa. Nimempendekezea Memories of Murder, ya Bong Joon-ho, 2003, Mkorea, polisi wa kijijini wanamsaka muuaji wa wanawake, mvua, matope, makofi kwa washukiwa, inachekesha na inatisha. Safari hii akawa mjanja, kabla hajakubali akaniuliza moja kwa moja, muuaji anakamatwa au hakamatwi?

Nikamwambia kwenye muvi hakamatwi. Ila ni kesi ya kweli, na 2019 huko Korea vinasaba vikamtaja mtu, kumbe alikuwa jela siku nyingi, kifungo cha maisha, alimuua shemeji yake 1994. Akafikiria. Akasema hiyo inafaa, ila kabla hajazima projekta atasimama mbele awaambie watu mwenyewe, na hakuna atakayerudishiwa hela.