Meza Nje ya Mkahawa: Anza na Barabara, Viti Baadaye

Mwenye mkahawa anayetaka kutoa meza nje huanza kwa kuulizia bei ya viti. Huko ni kuanzia mkiani. Hakuna anayekaa kunywa kahawa mita moja kutoka lori linalopita kwa kilomita 60 kwa saa, hata ukimtandikia kochi.

Tazama Lancaster, mji wa jangwani kaskazini mwa Los Angeles. Kama ilivyo katika vitongoji vingi vya Marekani, barabara kuu ya zamani ilibaki pana na tupu, wateja wakienda kwenye maduka makubwa yenye maegesho mbele. Mwaka 2010, kwa mchoro wa wasanifu Moule & Polyzoides, sehemu ya Lancaster Boulevard ilipunguzwa njia za magari. Katikati pakawekwa kile Wahispania wanachokiita rambla: safu za miti, taa, na maegesho ya mshazari. Siku ya tamasha au soko magari huondolewa, vibanda vikapangwa palepale. Mimi naona ujanja wote uko hapo. Hoja ya kwanza ya wenye maduka huwa "wateja wataegesha wapi?", na mchoro huo unaijibu kabla haijaulizwa.

Magari yakishapungua kasi, ndipo upime njia ya miguu, kwa sentimita. Viti viwili vya magurudumu vinahitaji takriban mita 1.5 ili vipishane. Ukiweza, acha 1.8, kwa sababu mhudumu mwenye sinia naye anapita hapohapo. Meza ya watu wawili yenye upana wa sentimita 70 ikiegemezwa ukutani, viti vikiwa pande zake mbili, inakula hizo 70 tu. Ukiweka kiti upande wa barabara, ongeza nusu mita, maana anayeinuka hukisukuma nyuma. Hapa ndipo wengi hukosea: wanapima kiti kikiwa kimesukumwa chini ya meza.

Njia ikiwa nyembamba, chukua nafasi moja ya maegesho, kama mita 6 kwa 2.1, ujenge jukwaa la mbao. Toa mita moja hivi kila mwisho uweke vizuizi vizito, kwa ajili ya dereva anayerudi nyuma bila kuangalia. Kinachobaki kinatosha meza tatu, pengine nne. Sakafu ilingane na ukingo wa njia ya miguu, na mwanya usizidi sentimita 1.3, la sivyo gurudumu la mbele la kiti cha magurudumu linanasa. Barabara huwa na mteremko kuelekea mfereji, kwa hiyo tumia miguu ya kurekebishika chini ya fremu. Ukipigilia mbao moja kwa moja, kila supu italala upande mmoja. Mfereji wenyewe uachwe wazi chini ya jukwaa, na ubao mmoja uwe wa kufunuliwa. Usipofanya hivyo, mabaki ya chakula yanaziba maji, harufu inaanza, na panya hawachelewi.

Kivuli ni mti, lakini mti unachukua miaka. Wakati unaungoja, mwavuli wa mita 3 unahitaji kitako cha kilo 40 au zaidi, na ukingo wake uwe juu ya mita 2 ili usimgonge mtu usoni. Mahali penye upepo ufungwe kila jioni. Miti yenye matunda laini iepuke; ndege watamaliza kazi mezani.

Taa za usiku ziwe za manjano, karibu na kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), nyingi na ndogo, chini kidogo ya kimo cha paa la duka. Taa moja kali nyeupe inageuza mkahawa kuwa kituo cha mafuta.

Kuhusu viti, visifungiwe chini. William Whyte, aliyechunguza viwanja vya umma vya New York, aliona watu wakisogeza kiti kidogo tu kabla ya kukaa, hata pasipo sababu. Waswahili walikwisha kujenga baraza mbele ya nyumba, na baraza haisogei. Lakini mteja analipia, mpe nafasi ya kukifuata kivuli. Chagua vinavyopangika kimoja juu ya kingine, na usiku pitisha mnyororo miguuni.